Mtaro Husafishwa Kuanzia Mwisho Wake

Toleo hili tumelitenga kwa maswali ya maji ya mvua mijini. Barua nyingi zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: tumesafisha, mbona maji bado yanapanda? Tumezifupisha, na majina tumeyaacha kando.

Sisi ni kamati ya mtaa. Mtaro wetu mkuu ni wa zege, upana sentimita 60 na kina sentimita 60. Tumeusafisha mara mbili mwaka huu, watu walijitokeza kwa wingi, lakini mvua kubwa ikinyesha maji yanapanda barabarani palepale. Wapo wanaosema mtaro ni mdogo, uvunjwe ujengwe mwingine. Ni kweli? — Katibu wa kamati

Ndugu Katibu, kabla hamjavunja chochote, tunaomba mtuambie mlianzia wapi kusafisha. Barua yako haisemi, na jibu letu lote linategemea hapo.

Mtaro husafishwa kuanzia kule unakotolea maji, iwe ni mtoni, bondeni au kwenye mtaro mkubwa zaidi, kisha mnapanda nao kwenda juu. Mkianzia juu, tope mnalolilegeza linashuka na maji na kutua pale maji yanapopunguza mwendo, yaani nyuma ya kizuizi ambacho bado hamjakifikia. Mnakuwa mmelihamisha tu. Isitoshe, mnafanya kazi ndani ya maji yaliyosimama. Mkianzia chini, kila hatua maji yanawakimbia, na mnaiona sakafu ya mtaro kwa macho.

Pale maji yanapopanda si lazima pawe ndipo palipoziba. Maji yakikwama chini hurudi nyuma na kufurikia sehemu ambayo kingo zake ziko chini kuliko nyingine, na huenda hapo ni mita 80 kutoka kwenye kizuizi. Watu wakiona maji barabarani huchimba hapohapo, wakaumaliza mchana wote mahali pasipo na tatizo.

Tafuteni nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, muitie alama za rangi kila sentimita 5. Siku isiyo na mvua tembeeni na mtaro kutoka chini kwenda juu, na kila mita 20 mchome nondo hadi igonge zege. Mlio wake mtautambua: kwenye tope nondo inazama kimya, kwenye zege inalia na mkono unashtuka. Andikeni namba mbili kila mnaposimama, kina cha tope na kina cha maji juu ya tope. Mahali ambapo tope ni lilelile lakini maji yameongezeka ghafla, kizuizi kiko chini ya hapo. Mara nyingi ni mdomo wa kalavati, bomba la mtu lililopitishwa katikati ya mtaro, au slabu iliyovunjika na kudondokea ndani.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Mtaro kama wenu, ukiwa na mteremko wa nusu mita kwa kila mita 100 na ukiwa safi, hupitisha takriban lita 580 kwa sekunde ukijaa. Wekeni tope la sentimita 20 chini. Ni theluthi ya kina, na mtu angesema tumepoteza theluthi ya uwezo. Lakini maji sasa yanapita kwenye nafasi ndogo juu ya sakafu yenye mchanga, mifuko na majani, mwendo wake unashuka, na kinachopita ni lita 240 hivi. Zaidi ya nusu ya mtaro imekwenda, ilhali kwa macho unaonekana una nafasi tele.

Je, lita 580 zinatosha? Pimeni eneo linalomwaga maji kwenye mtaro huo. Hekta 5 za nyumba, lami na bustani chache, mvua ikinyesha kwa kasi ya milimita 60 kwa saa na sehemu 70 kati ya 100 za maji hayo zikitiririka badala ya kuzama, zinaleta lita 583 kwa sekunde. Kwa hiyo mtaro wenu, ukiwa safi hadi mwisho, unaweza hekta 5 kwa mvua ya namna hiyo, tena ukiwa umejaa hadi ukingoni. Kama eneo ni hekta 9, au mvua za kwenu huwa nzito zaidi, hapo wanaosema mtaro ni mdogo wana haki, na beleshi halitawasaidia. Hesabu hii ifanyeni kabla ya kuomba fedha za ujenzi.

Jambo la mwisho ni tope lenyewe, na hapa ndipo juhudi za watu wengi wema zinapopotea. Mita 100 za mtaro wenye tope la sentimita 20 zinatoa meta za ujazo 12. Likiwa bichi, tope hilo lina uzito wa tani 19 hivi, yaani safari tatu za lori la tani 7. Kamati hupanga watu na mabeleshi lakini hazipangi lori, tope linalundikwa ukingoni, na mvua ya kwanza inalirudisha lilikotoka. Msipokuwa na lori, safisheni mita 30 tu zile mnazoweza kuondoa tope lake. Lilazeni mahali palipoinuka, mbali na ukingo, siku moja au mbili lichuje maji, kisha liondoke. Vaeni glavu nene na buti, kwa maana ndani yake mna vioo, sindano na kinyesi. Na msilipeleke kwenye bustani za mboga, kwani tope la barabarani hubeba mafuta ya magari na madini kama risasi na zinki.

Mkimaliza, jengeni kishimo cha kunasia mchanga pale mtaro wa udongo unapoingia kwenye wa zege: urefu meta moja na upana meta moja, sakafu yake ikiwa sentimita 50 chini ya sakafu ya mtaro. Kikifika nusu, kichotwe. Kuchota kishimo kimoja ni kazi ya watu wawili asubuhi moja, na mita 100 za mtaro mnazijua wenyewe.

Mtaro wa mbele ya duka langu uko wazi, nao una sentimita 60. Nataka kuufunika kwa slabu, wateja wapite na taka zisiingie. Fundi anasema amwage zege moja kwa moja mita zote 12. — Mwenye duka

Dada, mkatalie. Mtaro uliofunikwa kwa zege la kipande kimoja hauwezi kusafishwa, na usiposafishwa utaziba chini ya duka lako huku juu pakionekana pasafi kabisa.

Slabu ziwe za kuinulika. Ya urefu wa sentimita 80, upana 60 na unene 10 ina kilo 115, na watu wawili hawaiinui bila kuumia migongo au kuivunja. Punguza upana uwe sentimita 30, zinabaki kilo 58 hivi, watu wawili wenye kulabu wanaiweza. Kila slabu iachiwe matundu mawili ya sentimita 5 kwa ajili ya kulabu, na ndani iwe na nondo upande wa chini, kwa sababu ndiko zege linakovutika linapokanyagwa. Urefu wa sentimita 80 unaipa slabu kikalio cha sentimita 10 kila upande wa mtaro wako. Usikubali pungufu ya hapo.

Viungo visizibwe kwa saruji. Na kila mita 3 au 4 badala ya slabu weka wavu wa chuma, maana maji ya barabarani nayo yanahitaji pa kuingilia. Kosa hili tunaliona mara kwa mara: mtaro umefunikwa vizuri, ndani umekauka, na barabara imegeuka mto. Kama magari yatapita juu, slabu hizi hazifai. Hiyo ni hesabu nyingine, apewe mhandisi.

Tunajenga uzio, na mtaro wa jirani yetu wa juu unapita kwenye kiwanja chetu. Fundi anataka kuuzika kwa bomba la sentimita 45 tufukie juu. Mtaro ni wa 60 kwa 60. Bomba hilo linatosha?

Halitoshi. Kwa mteremko wa nusu mita kwa mita 100, bomba la zege la sentimita 45 likijaa linapitisha lita 200 kwa sekunde. La sentimita 60 linapitisha 430 hivi. Mtaro wenu wazi unapitisha 580. Ili msipunguze kitu mnahitaji bomba la takriban sentimita 70, na kwa kuwa mdomo wa bomba nao hukaba maji, tungechagua 75.

Watu hudanganywa na upana. Uwezo wa bomba haukui sawasawa na kipenyo: ukipunguza kipenyo kuwa nusu, maji yanayopita hayabaki nusu, yanabaki chini ya moja ya sita. Bomba la sentimita 30 kwa mteremko uleule halifikishi hata lita 70.

Kanuni ya fundi wa maji ya mvua ni kwamba bomba la chini halipaswi kuwa jembamba kuliko la juu, hata kama mteremko wa chini ni mkali zaidi na hesabu inaonyesha litatosha. Kipande cha mbao kilichopita kwenye bomba la 60 kitasimama kwenye mdomo wa 45, na mfuko wa kwanza utakaokuja utaning'inia juu yake. Tena, maji ya jirani yakikwama kwenu na kumrudia, sheria za sehemu nyingi zitamhesabu aliyebana njia kuwa mwenye kosa. Kama mnaweza, uacheni wazi mtaro huo na muuwekee slabu kama tulivyomweleza mwenye duka.

Je, nyasi zilizoota kwenye mtaro wa udongo zing'olewe?

La. Zikateni zibaki sentimita 10 hadi 15. Mizizi ndiyo inayoshikilia udongo. Mkizing'oa, maji yatachimba sakafu, kingo zitaporomoka, na udongo wote utaishia kwenye kalavati la chini. Kinachong'olewa ni vichaka na miche ya miti, ikiwa bado midogo.

Mtaa wetu haujapata mvua wiki tatu, lakini mtaroni kuna maji membamba yanatiririka siku zote. Wengine wanasema ni chemchemi, wengine wanamshuku mwenye nyumba za kupanga. Tutajuaje bila kugombana? — Mjumbe

Mzee, maji yanayotiririka siku za ukavu yana mwenyewe, na kumpata si vigumu ikiwa mtafuata utaratibu. Ngojeni siku tatu kamili tangu mvua ya mwisho. Kisha pandeni na mtaro mkifuata maji, na kila chemba au kiungio muulize swali moja tu: hapa maji yapo au hayapo? Yanapokoma ghafla, chanzo kiko kati ya hapo na mlipotoka.

Rangi na harufu zinasema mengi. Maji ya kijivu yenye povu na harufu ya sabuni ni ya kufulia au kuogea. Yenye harufu kali na vipande vya karatasi ni ya choo. Maji safi yasiyo na harufu, yanayotiririka kwa kiasi kilekile usiku na mchana, huenda ni bomba la maji ya kunywa lililopasuka, au kweli ni chemchemi. Kipimo kidogo cha klorini kama kile cha mabwawa ya kuogelea kikibadilika rangi, ni bomba. Kisipobadilika msikimbilie kusema ni chemchemi, kwa sababu klorini huisha maji yakikaa kwenye udongo na tope. Kinyesi hupimwa kwa amonia, na maabara yoyote ya maji inaweza kazi hiyo.

Mkiona utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua juu ya maji, msimlaumu mwenye gereji kabla ya kuugusa kwa kijiti. Ukikatika vipande vyenye ncha kama kioo kilichopasuka na visirudiane, ni bakteria wa chuma, kitu cha asili kisicho na madhara. Ukizunguka na kujifunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta.

Mkishafika karibu na nyumba, ombeni ruhusa ya kumimina rangi ya kupimia, aina ya fluoreseini isiyo na sumu, kwenye choo au sinki, na mtu asimame mtaroni atazame. Watangazieni walio chini kabla hamjaanza, maana maji ya kijani kibichi mtaroni huwatisha watu. Rangi ikitokea, hakuna cha kubishania tena. Mara nyingi mwenye nyumba mwenyewe hajui, fundi aliunganisha bomba la karibu akaondoka. Muda wa kurekebisha apewe, na kipimo kirudiwe baada ya marekebisho.

Vijana wetu wanaingia kwenye chemba kuzibua kwa mikono. Tuwape vifaa gani vya kujikinga?

Msiwaingize. Tunasema hivi kwanza kwa sababu glavu na barakoa za kitambaa hazizuii kinachoua ndani ya chemba, ambacho ni gesi na ukosefu wa hewa. Chemba ya maji ya mvua nayo ni hatari, si ya majitaka peke yake: majani na tope linalooza hula oksijeni na kutoa haidrojeni salfaidi. Gesi hii hunuka kama yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika sehemu 100 kwa milioni huua uwezo wa pua kunusa, mtu akadhani imeondoka. Na tope lililotulia huiachia gesi pale linapokorogwa, yaani baada ya kijana kuanza kazi, wakati kipimo cha mwanzo kilishasema pako salama.

Kazi karibu yote inafanyika mkiwa juu. Kwa mchanga tumieni beleshi la mpini mrefu lililokunjwa shingo, au gari la kunyonya. Kwa bomba lililoziba tumieni fimbo za kuunganisha au mashine ya kusukuma maji kwa presha. Mashine hiyo huanzia chemba ya chini. Pua yake ina matundu yanayotupa maji nyuma: hayo ndiyo yanayoivuta kwenda juu na kurudisha uchafu chini, ambako mnauchota. Pandisheni mita 5 hadi 10, rudisheni, choteni, kisha pandisheni zaidi. Anayekimbilia kuipeleka mwisho kwa mara moja huishia na pua iliyozikwa na mchanga nyuma yake, ikawa kazi ya kuchimbua. Nyuma ya pua fungeni kipande cha bomba kigumu kilicho kirefu kuliko kipenyo cha bomba mnalosafisha, pua isipate nafasi ya kugeuka na kuwarudia usoni. Mpira uwe na alama ya rangi mita 2 kutoka kwenye pua, mkiiona mzime presha kabla pua haijatoka.

Ikilazimu mtu ashuke, hiyo ni kazi ya kikosi kilichofunzwa. Mifuniko ya chemba ya juu na ya chini hufunguliwa mapema na hewa husukumwa kwa feni. Kipima gesi hushushwa juu, katikati na chini: oksijeni isiwe chini ya asilimia 19.5, haidrojeni salfaidi isifike sehemu 10 kwa milioni, na gesi inayolipuka isifike sehemu ya kumi ya kiwango chake cha chini cha kulipuka. Kipima kinabaki kifuani mwa aliyeshuka muda wote. Anavaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa kamba kwenye fremu ya miguu mitatu yenye winchi ya kuvutia kamba, na mtu mmoja anabaki juu asiye na kazi nyingine yoyote. Pampu ya petroli isiwekwe ndani wala mdomoni mwa chemba. Wingu likionekana upande wa juu, kazi inasimama, hata kama hapo mlipo jua linawaka.

Aliyeshuka akianguka, asifuatwe. Avutwe kwa kamba, na waokoaji waitwe. Katika ajali za chemba, mara nyingi maiti ya pili na ya tatu ni za waliojitosa kumwokoa wa kwanza. Kama hamna kamba, winchi na kipima gesi, hamna ruhusa ya kumshusha mtoto wa mtu.

Tuweke wavu wa nondo mdomoni mwa kalavati kuzuia chupa na mifuko?

Kwanza tajeni jina la mtu atakayeusafisha kabla ya kila mvua, na usiku wa mvua pia. Jina likikosekana, msiuweke. Wavu usiosafishwa ni ukuta, na mafuriko yake ni mabaya kuliko ya kalavati lenye chupa chache.

Jina likipatikana, usibandikwe mdomoni. Uwe mita moja au mbili kabla, ulale kwa nyuzi 45 hadi 60 ili taka zipandishwe na maji badala ya kubanwa, nondo ziachane sentimita 10 hadi 15, na jumla ya nafasi zilizo wazi iwe angalau mara tatu ya eneo la mdomo wa kalavati. Juu pawe na jukwaa la kusimama mwenye reki. Na kamwe msiweke wavu upande wa kutokea peke yake. Kinachoingia kikikosa njia ya kutoka kinaziba ndani, na akiingia mtoto, tusiseme zaidi.

Bustani ya kuzamishia maji tuliyoijenga kando ya maegesho ilifanya kazi vizuri miaka miwili. Sasa maji yanakaa wiki nzima, mbu wamezidi. Tuifukie? — Msimamizi wa majengo

Usifukie. Bustani ya namna hii inapaswa kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, na isizidi 72. Katika joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, kwa hiyo wiki nzima ya maji ni kitalu chao.

Chimba kishimo cha sentimita 30 katikati, siku ambayo maji bado yamesimama upande wa pili. Ukikuta udongo wa chini ni mkavu au una unyevu kidogo tu, sehemu iliyoziba ni ngozi ya juu: vumbi la matairi, mchanga na unga wa majani umeweka utando kama chokaa. Ngoja bustani ikauke, kwangua sentimita 5 hadi 8 za juu, rudisha udongo wenye mchanga mwingi, na juu tandaza vipande vya mbao unene wa sentimita 5 hadi 7. Usiingize toroli lililojaa wala mashine kwenye udongo uliolowa, maana kuushindilia ndiko kunakoua bustani hizi haraka kuliko kitu kingine.

Ukikuta udongo umelowa chapachapa hadi chini, tatizo ni bomba la matundu la kutolea maji, lile lililolazwa kwenye kokoto chini ya bustani. Lifungue kwenye mfuniko wake wa kusafishia, lipige maji, na utazame kama yanatoka upande wa pili. Kama yanatoka na bustani bado haikauki, kitambaa cha kuchuja kilichofungwa juu ya kokoto kimejaa udongo laini. Hicho hakioshwi. Inabidi kufukua, na safari hii badala ya kitambaa weka tabaka la mchanga mkubwa na juu ya kokoto kubwa weka kokoto ndogo.

Wakati huohuo tazama maji yanapoingilia. Wengi huacha nyasi na udongo vifikie usawa wa lami, halafu taka kidogo zinatosha kuzuia maji yasiingie. Uso wa bustani uwe chini ya lami kwa sentimita 5 au zaidi, na pale mdomoni weka mawe yaliyoshikizwa kwa zege ili mchanga utue hapo, mahali beleshi linapofika. Hapo pasafishwe kila baada ya mvua kubwa, si kila mwaka.

Barabara imebonyea juu ya bomba la maji ya mvua. Wamejaza lami mara tatu, na kila mara inarudi kubonyea.

Itaendelea kubonyea, kwa sababu udongo wa chini unaondoka. Kiungio cha bomba kimeachana, na kila mvua maji yanatoka na kurudi kupitia ufa huo yakichota mchanga. Fungueni chemba ya chini mtazame: mkikuta mchanga msafi wa rangi tofauti na tope la barabarani, huo ndio ule uliokuwa umelilalia bomba. Mchana wenye jua, kioo kikielekezwa ndani ya bomba lililonyooka kinaweza kumulika hadi chemba ya pili, na kiungio kilichoachana huonekana kama kivuli cha mwezi mwembamba.

Magari mazito yazuiwe tangu leo. Shimo la chini huwa pana kuliko bonde linaloonekana juu, na lami inaweza kulifunika kama kifuniko cha chungu hadi siku inapokatika ghafla. Matengenezo ni kufukua hadi kwenye kiungio, kubadilisha bomba au pete ya mpira, kisha kurudisha udongo kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Juu ya bomba chini ya barabara pawe na kifuniko cha udongo kisichopungua sentimita 60, au bomba lizungushiwe zege.

Mtaro wetu unaishia mtoni, na mto ukijaa maji yanarudi mtaani.

Panahitajika mlango wa bawaba mwishoni, unaofunguka kwa maji ya mtaro na kufungwa na maji ya mto. Mara nyingi huharibika kwa njia mbili: kijiti kinachoubakisha wazi, na bawaba iliyoota kutu. Kila mwezi mtu aende auinue kwa mkono. Ukiwa mzito au ukilia, utiwe grisi siku hiyohiyo, na sentimita chache za tope mbele ya kizingiti ziondolewe. Lakini mlango ukifungwa, maji ya mtaa nayo hayana pa kwenda hadi mto ushuke. Basi pimeni eneo lenu kama tulivyomweleza Katibu: milimita 20 za mvua juu ya hekta moja, hata kwa zile sehemu 70 kati ya 100, ni meta za ujazo 140 zinazotafuta mahali pa kukaa. Ama pawe na bwawa la kuzipokea, au pampu, na pampu hiyo iwashwe kila mwezi hata wakati wa kiangazi.